Chujio la Kalman linajiamini kupita kiasi: kosa liko kwenye programu au kwenye kigunduzi?

Mpimanjia ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninaandika programu ya kuunda upya njia za chembe zenye chaji, kama sehemu ya tasnifu yangu. Kigunduzi ninachotumia ni cha kuigwa kwenye kompyuta, na kinafuata umbo la ILD, mojawapo ya vigunduzi viwili vilivyopendekezwa kwa ajili ya ILC, kigonganishi cha mstari mnyoofu ambacho kingegonganisha elektroni na positroni kwa nishati ya kuanzia GeV 250 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Katikati kabisa kuna tabaka za pikseli za silikoni, zinafuata tabaka chache za mistari myembamba ya silikoni, kisha chemba kubwa ya gesi ya TPC, na nje yake tabaka nyingine ya silikoni, vyote vikiwa ndani ya uga wa sumaku wa tesla 3.5. Nukta ambazo chembe huziacha zinazalishwa na Geant4, programu inayoiga chembe zinavyopita ndani ya vitu, halafu programu ya kawaida ya wanaILD huzivuruga kidogo ili zifanane na vipimo vya kifaa halisi. Mimi nazipokea hapo na kuzipitisha kwenye chujio la Kalman nililoliandika mwenyewe, yaani hesabu inayorekebisha makadirio ya njia, pamoja na kosa lake, kila inapoongeza nukta moja.

Njia ninazozipata zinapendeza kwa macho. Nilipochora myuoni mmoja (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) wa GeV 1 kwenye skrini, mstari wangu ulifuata nukta zaidi ya 200 bila kukosa hata moja. Kinachonisumbua ni makadirio ya makosa. Kwa kila njia nachukua tofauti kati ya mpindo nilioupata na mpindo wa kweli ambao uigaji unaujua, naigawanya kwa kosa ambalo chujio lenyewe limelikadiria, kisha naweka majibu kwenye histogramu. Chujio linalojijua vizuri lingetoa histogramu yenye upana wa 1. La kwangu linatoa 1.4, kwa myuoni 10,000 zenye chaji zote mbili, zilizogawanywa kwa idadi sawa kati ya GeV 1, GeV 10 na GeV 100. Kitovu cha histogramu kiko kwenye sifuri, kwa hiyo nimeamini kwamba thamani ya uga wa sumaku haina kasoro.

Kila nukta ya TPC nimeipa kosa la mikromita 100. Nilijaribu kulipandisha hadi 140, na upana ukashuka hadi 1.1, lakini moyo haukutulia, kwa sababu sijui ni ugonjwa gani nilioutibu. Je, niutafute mzizi wa tatizo hili ndani ya hesabu za chujio, au ndani ya maelezo ya kigunduzi?

Mwanauga amejibu:

Ndugu Mpimanjia, umefanya vyema kutoridhika na hizo 140. Rudisha 100 kwanza, kisha uitenganishe histogramu yako kwa momenta, kwa maana umechanganya katika chungu kimoja chembe ambazo makosa yake yana asili tofauti kabisa.

Tuanze na zile za GeV 100. Nusukipenyo cha mzunguko, kwa mita, ni momenta kwa GeV ukigawanya kwa 0.3 mara tesla za uga. Kwa tesla 3.5 unapata mita 95 hivi. Chembe inayotoka kitovuni hadi mita 1.8 kwenye duara kubwa kiasi hicho inapinda kidogo mno: ukivuta uzi ulionyooka kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake, umbali mkubwa kabisa kati ya uzi na njia ni milimita 4 na kidogo. Lengo la kigunduzi ni kupima kinyume cha momenta kwa usahihi wa takriban 2 × 10⁻⁵ kwa GeV, yaani asilimia 0.2 kwa GeV 100, na asilimia 0.2 ya milimita 4 haifiki mikromita 9. Lengo hilo halikuchaguliwa kwa kupenda makuu. Elektroni na positroni zinapozaa chembe ya Z pamoja na chembe ya Higgs, nasi tunajua nishati iliyoingia, tunaweza kupima myuoni mbili zilizotokana na Z na kuhesabu uzito wa kile kilichobaki bila kukigusa kabisa. Hivyo Higgs hutambuliwa hata kama imegeuka kuwa kitu kisichoonekana. Vipimo vya myuoni vikiwa butu, kilele hicho huvimba na kuzama ndani ya mandhari ya matukio mengine.

Sasa chukua myuoni wa GeV 1 apite kwenye ukuta wenye unene wa asilimia 1 ya urefu wa mnunurisho, yaani kipimo tunachotumia kueleza ni kitu kigumu kiasi gani chembe inakivuka. Mtawanyiko utamgeuza kwa pembe ya miliradiani 1.1 hivi, na baada ya sentimita 30 atakuwa amekengeuka kwa theluthi moja ya milimita, yaani mara tatu ya kosa ulilolipa nukta yako. Kwa myuoni wa GeV 100 ukuta huohuo unaleta mikromita 3 tu. Chujio la Kalman lina mahali pake maalumu pa kuongeza kosa hili kila linapovuka kitu kigumu, na lisipoambiwa kwamba kuna ukuta litaendelea kujiamini kana kwamba chembe imepita kwenye ombwe. Kwa hiyo upana ukizidi 1 kwenye GeV 1 na ukarudi kwenye 1 kwa GeV 100, tafuta kitu kigumu ulichokisahau. Ukizidi kote kwa kiasi kilekile, rudi kwenye makosa ya nukta.

Niongeze jambo moja linalohusu vigonganishi vya mstari mnyoofu hasa, kwa kuwa linaeleza kwa nini ukuta mmoja uliosahauliwa unaonekana waziwazi hivi. Katika ILC vifungu vya chembe huja kwa misafara mitano kwa sekunde, kila msafara ukiwa na vifungu 1,312 vinavyopishana kwa nanosekunde 554. Msafara mzima hupita kwa muda usiofika hata milisekunde moja, kisha kuna kimya cha karibu milisekunde 199. Vifaa vya elektroniki vinaweza kupunguziwa umeme wakati wa kimya hicho, joto likapungua, na mabomba mengi ya kupozea yakaachwa. Ndiyo maana tabaka moja ya pikseli inatarajiwa kuwa na unene wa asilimia 0.15 tu ya urefu wa mnunurisho. Kifaa chenyewe kikiwa chembamba kiasi hicho, programu haina ruhusa ya kukosea kwa asilimia 1 ya urefu huo.

Gesi_na_Silikoni amejibu:

Nakubaliana na Mwanauga, ila naomba niweke tahadhari moja kabla Mpimanjia hajaanza kuwinda kuta. Kuzidi kwa upana kwenye GeV 1 kunaweza kuwa na chanzo cha pili, nacho kimo ndani ya hiyo mikromita 100.

Kosa la nukta ndani ya TPC halina thamani moja. Chembe inapopita kwenye gesi hung'oa elektroni, nazo huelea taratibu kuelekea bamba za kusomea zilizoko kwenye ncha mbili za chemba. Safari ndefu kabisa, kutoka katikati, ni mita 2.3 na ushee, na huchukua mikrosekunde 30 hivi. Njiani elektroni husambaa. Uga wa sumaku ulio sambamba na uga wa umeme huzibana zisisambae sana kando, na hii ni mojawapo ya sababu za kuipenda gesi ya argoni iliyochanganywa na asilimia 3 ya CF₄ na asilimia 2 ya isobutani; hata hivyo kusambaa hakuishi. Kanuni inayotumiwa kuzivuruga nukta za ILD huanza na mikromita 50 karibu na bamba na kufika kama 100 kwa safari ndefu kabisa. Kwa hiyo thamani uliyoiweka ni ya mwisho wa safari, nawe umeitumia kwa safari yote.

Kubwa zaidi ni pembe. Kila kipande cha kusomea kina upana wa milimita 1 na urefu wa milimita 6. Njia ikikivuka kwa kufuata urefu wake, elektroni zote hushuka karibu na mstari mmoja. Ikikivuka kimshazari, elektroni za mwanzo wa zile milimita 6 hushuka upande mmoja na za mwisho upande mwingine, na kwa kuwa haziachiliwi kwa usawa bali kwa mafungu, wastani wake huyumba. Katika kanuni niliyoitaja, mchango huu ni mikromita 900 mara saini (sine) ya pembe hiyo, ukijumlishwa kwa miraba. Kwa myuoni wa GeV 100 ni kama haupo. Kwa myuoni wa GeV 1, ambaye nusukipenyo chake hakifiki hata mita moja, saini hiyo akiwa umbali wa mita 1 kutoka kitovuni imeshapita 0.5, na kosa la kweli la nukta linakaribia nusu milimita. Wewe umeliambia chujio kwamba ni mikromita 100.

Njia ya kuvitenganisha visababishi hivi viwili ni kuuzima mtawanyiko ndani ya Geant4, jambo ambalo programu hiyo inaliruhusu, kisha kurudia hesabu. Kinachobaki baada ya hapo ni cha nukta peke yake. Pia usiangalie mpindo tu. Chukua masalio ya nukta moja moja, yaani umbali kati ya nukta na njia, uyagawe kwa kosa ulilolikadiria, halafu uyapange kwa urefu wa safari ya elektroni. Huko kasoro haina mahali pa kujificha.

Mpimanjia amejibu:

Nawashukuru sana walimu wangu, nimefanya yote mliyonielekeza na nina majibu.

Nilipotenganisha kwa momenta, upana ulikuwa 1.9 kwa GeV 1, 1.2 kwa GeV 10 na 1.0 kwa GeV 100. Nilitaka kushangilia na kwenda kuwinda ukuta mara moja, lakini nikafuata ushauri wa kuzima mtawanyiko kwanza. Upana wa GeV 1 ukashuka hadi 1.6 tu. Kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa kwenye nukta, na ningeutafuta ukuta huo mpaka nichoke. Nilipoweka kanuni ya pembe na safari badala ya zile mikromita 100, upana ukawa 1.0 bila mtawanyiko. Masalio nayo yalinifunza jambo: kwa myuoni za GeV 100, nukta zilizo karibu na bamba zilikuwa na uwiano unaokaribia 0.5, yaani nilikuwa naidharau gesi hapo ilipokuwa sahihi zaidi, na upana wa mpindo haukunionyesha kwa kuwa kwenye momenta kubwa silikoni ndiyo inayobeba mzigo.

Nikauwasha mtawanyiko tena, na GeV 1 ikapanda hadi 1.3. Sasa ndipo nikauwinda ukuta. Nilirusha mistari iliyonyooka kutoka kitovuni kuelekea nje, mara moja ndani ya uigaji na mara moja ndani ya programu yangu, nikijumlisha urefu wa mnunurisho kila hatua, na nikazichora jumla hizo mbili juu ya karatasi moja. Zilipanda pamoja kama ngazi mbili zilizobandikwa, pikseli kwa pikseli, hadi sentimita 33 kutoka kitovuni. Hapo ngazi ya uigaji ilipanda daraja moja, na ya kwangu ikaendelea tambarare. Ni ukuta wa ndani wa TPC. Katika programu yangu niliitangaza gesi, nikazitangaza safu za kusomea, na chombo kinachoibeba gesi nikakisahau. Baada ya kukiongeza, upana kwa GeV 1 ni 1.03, na kwa GeV 10 ni 1.0.

Swali langu la pili ni la kimpangilio. Nimewezaje kuwa na maelezo mawili ya kigunduzi kimoja yasiyolingana, na wengine huliepukaje jambo hili?

Fundi_Msimbo amejibu:

Ndugu, kazi ya kuzichora ngazi mbili hizo ihifadhi, ifanye iwe jaribio linalojiendesha lenyewe kila unapobadilisha msimbo.

Uliweza kuwa na maelezo mawili kwa sababu uliyaandika mara mbili. Uigaji unahitaji maumbo kamili, na chujio linahitaji nyuso nyembamba ambazo njia inazivuka, kila uso ukijua unene na aina ya kitu kilichopo hapo. Mtu akiyaandika maelezo hayo kwa mikono miwili, siku moja mkono mmoja utasahau. Katika kizazi cha kwanza cha programu za vigonganishi hivi, uigaji ulifanywa na Mokka, nao uundaji upya ndani ya Marlin ulisoma umbo la kifaa kupitia GEAR. Baadaye DD4hep ilijengwa ili chanzo cha maelezo kiwe kimoja: kigunduzi kinaandikwa mara moja, uigaji unachukua maumbo yake, na nyuso za chujio zinabandikwa juu ya maumbo yaleyale, unene wake ukikokotolewa kwa wastani wa vitu halisi vilivyopo pande zote mbili za uso. Ukuta wako usingeweza kuwepo upande mmoja na kukosekana upande wa pili, ilimradi mtu amekumbuka kuubandikia uso. Sharti hilo la mwisho usilidharau, kwa kuwa DD4hep haiwezi kukuamulia ni wapi uso unahitajika, na jaribio lako la ngazi ndilo linalolikamata kosa la aina hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba uhamishie maelezo yako huko sasa, kabla msimbo haujakua. Muundo wa data pia usiubuni upya. LCIO, iliyoanzishwa na watu wa maabara za DESY na SLAC takriban mwaka 2003, iliwawezesha wanaILD na wanaSiD (watu wa kile kigunduzi cha pili cha ILC) kusoma mafaili ya wenzao ingawa upande mmoja uliandika C++ na mwingine Java, na leo EDM4hep ndani ya Key4hep inafanya kazi hiyo kwa ILC, kwa CLIC ambacho ni kigonganishi kingine cha mstari mnyoofu, na hata kwa mipango ya vigonganishi vya mviringo. Vigezo vitano vya njia vimeshakubaliwa, na anayekuja baada yako ataielewa kazi yako bila kukuuliza.

Sasa nina sahihisho moja, na naomba ulipokee kwa wema. Ulisema mwanzoni kwamba kitovu cha histogramu kiko kwenye sifuri, kwa hiyo uga wa sumaku uko sawa. Hoja hiyo haishiki. Mpindo una alama, chanya kwa chaji moja na hasi kwa nyingine. Ukikosea nguvu ya uga, mpindo wa kila chembe utakuzwa au kupunguzwa, kwa hiyo chanya zitasogea upande mmoja na hasi upande mwingine, na ukizichanganya kitovu kitabaki kwenye sifuri huku upana ukiongezeka. Vivyo hivyo kwa ukuta uliosahauliwa: myuoni wa GeV 1 hupoteza ndani yake nishati inayokaribia MeV 1, TPC inampima akiwa amepungukiwa, na anaonekana amepinda zaidi kuliko alivyozaliwa. Tenganisha kwa chaji, kila mara.

Mpimanjia amejibu:

Fundi, nimerudi kwenye mafaili ya kabla ya kuuongeza ukuta nikayatenganisha kwa chaji, na ni kama ulivyosema: kwa GeV 1 vitovu viwili vilikuwa vimeachana, kimoja kulia na kimoja kushoto, kwa umbali sawa kutoka sifuri. Baada ya ukuta kuwepo vimekutana. Kwa GeV 100 vilikuwa pamoja tangu mwanzo, kwa hiyo sasa naweza kusema kwa haki kwamba uga uko sawa. Nimeanza kuhamia DD4hep. Nikimaliza nitaanza kupima elektroni kwa utaratibu huuhuu.

Fundi_Msimbo amejibu:

Kwa elektroni usitarajie upana wa 1, wala usiongeze kuta ili kuupata. Chujio la Kalman linadhani kila kosa lina umbo la kengele, na mtawanyiko unakubali dhana hiyo kwa kiasi kikubwa. Elektroni lakini ikivuka kitu kigumu inaweza kutoa fotoni moja yenye sehemu kubwa ya nishati yake, na hasara hiyo ina mkia mrefu wa upande mmoja tu. Chora histogramu ya kila chaji peke yake, utauona mkia umelalia upande wa mpindo mkubwa. Pima upana wa kiini cha kengele bila mkia, kisha hesabu ni elektroni ngapi zimeangukia kwenye mkia na ni kwenye tabaka ipi zilipotoa fotoni. Uigaji unalijua jibu hilo, na utaweza kulilinganisha na ngazi yako daraja kwa daraja.